Kopo la Kupimia Picha: Kutafuta Alama za Haki katika Mashindano ya Mtandaoni



Mama anayejua soko la Baraka, kule Fizi, kabla ya kununua unga wa muhogo, hutazama tako la kopo. Kopo lililobonyezwa chini hujaa upesi. Muuzaji humwaga unga mpaka ufanye kilima, na mnunuzi asiyetazama huondoka akidhani amependelewa. Mada yangu inahusu kopo la namna hiyo, ila hili linapima picha.

Niliwahi kuombwa kusaidia shindano dogo la picha lililoendeshwa kwa simu. Kijana mmoja wa Ubwari alileta picha ya wamama wakianika ndagala alfajiri, ziwa likiwa bado jeusi nyuma yao na mwanga wa kwanza ukigusa mikono tu. Niliikumbuka wiki nzima. Ilipata kura 19. Ile iliyoshinda ilikuwa ya bibi harusi, safi, ya kawaida, na kura zake zilikuwa mamia. Mwenye picha hiyo hakuiba kitu. Ana ndugu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ana ndugu Marekani, na ndugu zake walifanya wanalofanya ndugu. Tangu kambi hiyo ifunguliwe mwaka 1996 kupokea watu wetu waliovuka ziwa wakikimbia vita, ukoo mmoja wa Fizi unaweza kuwa na watu katika mabara matatu. Siku ile tulipima ukubwa wa ukoo tukasema tumepima picha. Kijana yule hakuleta picha tena. Hilo linaniuma hadi leo.

Tena alichelewa. Alingoja mtandao, akangoja fedha ya mega, akaituma picha siku ya mwisho, wakati nyingine zilikuwa zimekaa siku sita mbele ya macho ya watu. Tukiacha yote nitakayosema, tusiache hili: kura zifunguliwe baada ya picha zote kufika, na kila mtazamaji azione kwa mpangilio tofauti, kwa sababu picha ya kwanza hupata jicho bichi na ya arobaini hupata jicho lililochoka.

Sasa tuingie kwenye alama zenyewe, maana wengi hudhani namba haina upande. Sisi tuliosoma Kongo tunajua uzito wa 14 juu ya 20. Hiyo ni distinksio, asilimia 70, na mzazi huchinja kuku. Kumi hupitisha mtu. Kumi na nane wengi wetu hatukuiona kwa macho. Mwalimu aliyelelewa hivyo, ukimpa picha nzuri sana, ataipa 14 kwa moyo mweupe. Mpe picha hiyohiyo kijana aliyezoea nyota za mtandaoni, ataipa tano juu ya tano, kwa kuwa kwake nne maana yake kuna kilichomuudhi. Mwaka 2009 YouTube wenyewe walieleza kwamba karibu kura zote walizopokea zilikuwa nyota tano, na mwaka uliofuata wakaziondoa nyota, wakaweka dole gumba la juu na la chini. Kipimo cha ngazi tano kilikuwa kimebaki na ngazi moja. Ukijumlisha alama za mwalimu na za kijana huyo, umejumlisha franka na dola bila kubadilisha.

Pendekezo langu kuhusu alama, basi, ni kuacha namba kwa jaji na kumpa sentensi. Kwa kila picha ajibu mojawapo ya hizi: nimeitazama nikapita, imenisimamisha, nimerudi kuitazama tena, kesho yake nilikuwa bado naiona. Sentensi hizi zinauliza jambo lililompata mtu, na mtu huweza kulisema kwa ukweli hata kama hajasomea upigaji picha. Zinaweza pia kusemwa kwa Kibembe, na kwa Kirundi kwa ndugu zetu walioko kambi ya Lusenda, ingawa itabidi tuzijaribu kwanza na wenye lugha ili sentensi ya tatu isigeuke kuwa ya pili. Wapo waliotangulia katika njia hii. Mwaka 2007 Michel Balinski na Rida Laraki, waliofanya kazi Ufaransa, walipendekeza uchaguzi ambamo mpiga kura humpa kila mgombea daraja la maneno, kisha linachukuliwa daraja la katikati.

Hilo la katikati nataka tulielewe vizuri. Chukua majaji watano na alama zetu za shule. Picha ya kwanza inapewa 16, 16, 17, 16, na jaji wa tano, mwenye lake moyoni, anaandika 2. Wastani ni 13.4. Picha ya pili inapewa 14 na wote watano, wastani 14, nayo inashinda. Mtu mmoja amewashinda wanne. Sasa zipange alama za picha ya kwanza kutoka ndogo hadi kubwa, usome iliyokaa katikati: ni 16. Ile 2 bado imehesabiwa, lakini haina nguvu ya kubomoa. Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, wasimamizi wa mchezo huo walibadilisha utaratibu wote wa alama, na katika ule mpya alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hukatwa kabla ya kujumlisha. Hofu yao ndiyo yetu.

Umma nao usifungiwe mlango. Utoe zawadi yake, itangazwe kwa jina lake, isichanganywe na ya majaji. Na ikiwa umma unatoa alama, picha yenye kura tatu za 10 isiipite yenye kura 60 na wastani wa 8.2. Kila picha ianzishwe na kura kumi za alama ya kati ya shindano, tuseme 6. Ya kwanza itashuka hadi 6.9, ya pili itabaki 7.9.

Kwa upande wa majaji, shindano la picha la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014 na ambalo picha za kwetu zinaruhusiwa kuingia, huamuliwa na jopo. Programu ya Montage inayotumiwa na majopo ya mashindano ya aina hii hupitisha picha kwa raundi: kwanza ndiyo au hapana, kisha nyota, mwisho kupanga chache zilizobaki kwa mfuatano. Naupenda mwendo huo. Kulinganisha picha kumi ana kwa ana ni rahisi kuliko kuzipa alama picha mia nane.

Bado kuna jambo ambalo hesabu haitalitibu. Picha ya ngozi yetu wakati wa machweo, ikishabanwa na WhatsApp na kutazamwa kwenye simu juani, huwa giza tupu, na jaji huandika kwamba mwanga ni mbaya. Mwanga ulikuwepo, kioo ndicho hakikuuonyesha. Jaji atazame ndani, mwangaza wa simu ukiwa juu, na alama ya ufundi iwe mbali na alama ya jicho, ili mtoto wa Lulenge mwenye simu ya bei ndogo asilipie kamera asiyo nayo.

Naomba tuanze na jaribio dogo. Tuchapishe picha 40 bila majina. Majaji wawe saba, na wawili kati yao wawe wamama wanaoanika ndagala, kwa sababu picha nyingi tunazopiga ni zao. Watumie sentensi zile nne, kisha baada ya wiki mbili warudie picha zilezile kwa mpangilio mwingine. Tutaona ni nani aliyebadilika na ni sentensi ipi iliyowachanganya. Gharama ni karatasi, wino, nauli ya wawili wanaotoka mbali, na chakula cha mchana siku zote mbili. Picha ya alfajiri ile bado ninayo, na mwenyewe akikubali, iwe mojawapo ya hizo 40.