Mpango wa Protini na RNA Ndani ya Bakteria



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume Wake Muhammad (s.a.w.), tunapenda kuzungumzia kiumbe kidogo mno, yaani bakteria, na kiwanda kilichomo ndani yake kiitwacho ribosomu, ambamo protini zake hutengenezwa.

Ribosomu ina vipande viwili. Katika bakteria wa utumboni aitwaye E. coli, kipande kidogo kina uzi mmoja wa RNA wenye viungo 1,542 pamoja na protini 21. Baadhi ya protini hizo zina mikia mirefu iliyopenya katika mikunjo ya RNA na kuishikilia, mithili ya kamba zishikazo fito za nyumba.

Mwaka 1968 huko Marekani, Peter Traub na Masayasu Nomura walikitenganisha kipande hicho, RNA mbali na protini mbali, kisha wakavichanganya tena. Vikajipanga vyenyewe na kufanya kazi! Wala havikujipanga ovyo. Protini chache hutangulia kushika RNA. RNA hujikunja, na mkunjo huo ndio unaozipa nafasi zinazofuata. Ni kama safu zetu za sala: ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kujaa.

Wapo wahadhiri wanaodai kuwa haya yote yametajwa waziwazi katika Qur'ani Tukufu. Sisi hatusemi hivyo. Tumeamrishwa kuutafakari uumbaji, hatukuamrishwa kuzua tafsiri, na vitabu vya maabara hurekebishwa kila mara.

Lakini elimu hii inatuhusu majumbani mwetu. Streptomisini, iliyokuwa tegemeo la tiba ya kifua kikuu kwa miaka mingi, hujibana katika kipande kidogo, pale RNA inapokaribiana na protini iitwayo S12. Badiliko la kiungo kimoja tu hapo laweza kuifanya dawa isishike. Hivyo basi, mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dawa kwa kuwa amepata nafuu, huku daktari hajamruhusu, huwa ameua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja waliobadilika. Hao huzaana, naye akikohoa huwapeleka kwa watoto wake, na kwa ndugu aliyesimama naye bega kwa bega msikitini.