Kabla Hujaingia Kwenye Pipa la Zege, Uliza Ufunguo Anao Nani

(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Msowero, Kilosa. Nayaweka hapa kwa wale walioomba maandishi.)

 

Mmezoea nikisimama naongelea katiba na tume huru. Leo naongelea pipa la gari la zege. Msicheke kwanza.

Wilaya yetu imeona ujenzi. SGR kipande cha Morogoro hadi Makutupora kimepita Kilosa, milima imetobolewa mahandaki, na Agosti 1, 2024 treni ya umeme ya Dar–Dodoma ikazinduliwa rasmi. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, sawa. Lakini madaraja na mahandaki ni zege, na zege linabebwa na yale magari yenye pipa linalozunguka. Kazi kwenye reli zikipungua, bado kuna barabara, kuna majengo Morogoro na Dodoma. Mahindi yakishavunwa, vijana wa huku wanafunga begi kwenda kutafuta kibarua.

Sasa, zege halitoki lote likimwagwa. Linabaki kwenye kuta na kwenye yale mapanga ya ndani, linaganda, siku hadi siku linanenepa. Mwisho lazima mtu aingie na tindo au mashine ya kuvunjia. Mtu huyo huwa nani? Fomani hamwingizi mwanawe. Anaingia deiwaka.

Humo ndani kuna nini? Kwanza, pipa lenyewe. Dereva hajui kama uko ndani, anawasha gari, anazungusha. Hapo hakuna cha kusimulia.

Pili, zege la juu. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege ina uzito wa karibu kilo 48, yaani ni kama mfuko wa saruji. Kipande cha ukubwa huo kinaning'inia juu ya kichwa chako, nawe unagonga chini yake.

Tatu, hewa. Pipa lina mdomo mmoja na kimlango kidogo ubavuni. Jenereta likiunguruma karibu, au mtu akichomelea vyuma ndani, moshi unaingia na hautoki. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni njaa, unalala. Wengine wanamwaga tindikali ili kulainisha zege, na mvuke wake unachoma mapafu.

Nne, vumbi. Mchanga na kokoto zina silika. Vumbi lake jembamba likikaa kifuani linaleta silikosisi, na silikosisi haina tiba. Utakohoa miaka, watu waseme umelogwa au una TB. Na kweli, mwenye silikosisi hupata TB kirahisi.

Na kuna hili la kujitosa kuokoa. Sisi tukisikia mwenzetu kaanguka, tunaruka. Ndiyo malezi yetu. Lakini mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za namna hii walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Hewa iliyomwangusha wa kwanza haijaondoka, inamsubiri wa pili.

Kwa hiyo kabla hujaingia, uliza haya bila aibu. Gari limezimwa, na ufunguo anao nani? Jibu ni moja: anao yule anayeingia, mfukoni mwake, na pipa limefungwa lisizunguke. Hewa imepimwa? Oksijeni isipungue asilimia 19.5. Kuna feni ya kupuliza hewa muda wote? Nje amebaki nani? Lazima awepo mtu asiyetumwa kwingine, anayekuona, na wewe umevaa mkanda wenye kamba ili akuvute bila kuingia. Zege limelowanishwa kupunguza vumbi? Barakoa ni ile ya kuchuja vumbi, au ni kitambaa? Umeme wa mashine una kikata umeme, maana chini pamelowa? Na zege la juu liondolewe kwanza, ukiwa umesimama pembeni.

Sasa sheria, ndiko ninakosomea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka jukumu la usalama kwa mwajiri, na wasimamizi wake ni OSHA. Mtu akikwambia "wewe kibarua tu, huna mkataba", mjibu hivi: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema ukifanya kazi chini ya maelekezo yake, au akakupa vifaa, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15(6), inasema asipoleta maandishi mbele ya baraza, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ukiumia, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri, mshahara wako haukatwi hata senti.

Lakini nisiwadanganye. Sheria hiyo hiyo ya ajira, kifungu cha 35, inamnyima kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Deiwaka ana siku tatu! Akikataa kuingia kwenye pipa, kesho anaambiwa asirudi. Tundu ni hilo hapo, na linaingia watu wazima. Ndiyo maana nasema hii ni siasa. Kukataa kazi inayoua kulindwe na sheria kuanzia saa ya kwanza ya kazi, na tuwabane wanaotaka kura zetu walisemee hilo bungeni.

Mpaka hapo, kinga ya deiwaka ni wenzake. Mmoja akikataa anafukuzwa. Kumi wakikataa, fomani analeta feni. Mkienda saiti nendeni na makubaliano: haingii mtu bila ufunguo mfukoni na mwenzake nje. Andikeni jina la kampuni, tarehe, jina la fomani. Pigeni picha ya gari. Namba ya simu ya mwenyekiti wa tawi muwe nayo, ili likitokea jambo tujue pa kuanzia.

Maswali sasa, na walioko saiti waanze.