UDUVI WA ZIWA NA ZEBAKI YA MACHIMBONI

Mlio katika vikundi, kaeni karibu na redio, na mwenye daftari aliweke tayari.

Ukinunua dagaa pale Mwigobero, Musoma, ukawamwaga katika ungo, huenda ukaona kati yao viumbe vidogo vyenye miguu mingi na sharubu. Hao ni uduvi wa ziwani, jamaa wa kamba wa baharini. Wataalamu huwaita Caridina nilotica. Wengi wetu huwachambua tukawatupia kuku. Lakini ndani ya ziwa uduvi si takataka. Furu walipopungua sana katika miaka ya 1980, sangara wachanga walizidi kuwategemea uduvi kwa chakula. Basi limpatalo uduvi humfikia sangara, na kutoka kwa sangara hufika chunguni.

Sasa tuitazame zebaki. Huko Buhemba, wilaya ya Butiama, na Kinyambwiga, upande wa Bunda, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kazi yao kwa desturi ni hii: jiwe husagwa, unga wake hutiwa maji na zebaki, zebaki hushikamana na dhahabu, kisha donge lile huchomwa motoni. Zebaki nyingine hupaa na moshi, nayo humdhuru kwanza yule anayechoma. Nyingine hubaki katika mchanga wa marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa.

Je, majira ya mwaka yanahusika vipi? Wakati wa kiangazi mchanga ule hukaa pale pale, na vijito ni vikavu. Vuli ikianza, na zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hata Mei, mvua huuchukua. Zebaki haiendi peke yake. Hung'ang'ania tope laini, nalo tope huteremka bondeni. Mito ya upande wa Bunda, kama Rubana na Grumeti, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Mto Mara huingia ziwani karibu na Musoma, baada ya kupita katika mabwawa makubwa ya mafunjo. Hapo maji hupunguza mwendo, na tope hutua.

Katika tope lisilo na hewa wamo bakteria ambao huigeuza zebaki ikawa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwili huipokea upesi na kuitoa polepole. Naye uduvi hula mabaki ya majani na uchafu uliotua juu ya tope lile lile.

Tena, uduvi hakui kama sisi. Gamba lake halitanuki, kwa hiyo hulivua, akabaki laini mpaka jipya ligande. Katika muda huo mwili wake hufyonza maji na chumvi, na madini mengine huweza kuingia pamoja nayo. Shaba kidogo anaihitaji, maana damu yake huchukua hewa kwa shaba kama yetu ichukuavyo kwa chuma. Zebaki haina kazi yoyote mwilini mwake. Uduvi anayekua upesi kwa chakula kingi huizimua zebaki katika nyama yake. Aliyekonda humzidi, ijapokuwa wameishi maji mamoja. Ndiyo sababu kipimo cha mwezi mmoja hakitoshi. Aliyepima Agosti, wakati upepo wa kusi unapolichanganya ziwa, hajui habari za Aprili.

Msichanganye jambo hili na lile la Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika. Kwa maoni yangu, funzo moja liko wazi: maji yakikosa hewa samaki huelea siku ile ile, lakini zebaki kidogo kidogo haimwelezi samaki juu ya maji. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliumia kwa samaki walioonekana wazuri sokoni.

Je, tuache kula samaki? Hapana. Samaki wengi wa Ziwa Viktoria waliopimwa walikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa na nchi nyingi. Wanaozidi kwa kawaida ni sangara wakubwa. Mama mjamzito na apendelee dagaa na samaki wadogo, kwa maana ubongo wa mtoto tumboni ndio unaodhurika upesi. Mchimbaji naye achomee donge ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki itarudi kuwa maji na ataitumia tena.

Maswali ya kikundi: Marudio ya kijijini kwenu yako umbali gani na kijito? Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yake hupita wapi? Na nani huteka maji pale?