Kiangazi cha Pwani na Kiangazi cha Msalato

Leo nataka kuwasimulieni habari za safari niliyoifanya mwezi wa Agosti, kutoka Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, mpaka Bagamoyo katika Mkoa wa Pwani.

Agosti kwetu ni mwezi wa vumbi. Mvua huanza Desemba na hukoma Aprili, kisha mbingu hufungwa. Mibuyu husimama mitupu, ng'ombe huenda mbali kunywa, na akina mama hufukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Basi nilipoondoka nalisema moyoni mwangu, "Naenda kwa watu wasioijua shida yetu."

Nalipanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria wa Dodoma mwaka 2024. Wazee wangali wakiiita garimoshi, ingawa moshi haina. Reli ya kwanza ilifika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya miguu na ya majuma mengi. Toka Dar es Salaam nalichukua basi, na jioni nikawasili Bagamoyo. Naam, minazi ilikuwa ya kijani, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Nikaona kwamba nalisema kweli.

Mwenyeji wangu, mzee wa mji ule, alinipokea barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Natoka Msalato, Ugogo."

Mzee akacheka sana, akasema, "Loo! Babu zenu waliwatoza babu zetu hongo kwa ajili ya maji. Leo hongo utatoa wewe!"

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, na katika nchi ile kavu mwenye kisima alikuwa na nguvu. Stanley mwenyewe, alipopita huko mwaka 1871, alitoa nguo nyingi ndipo akaruhusiwa kuendelea. Nami nikafungua kikapu, nikampa mzee zabibu za Dodoma. Akazipokea kwa furaha, akaagiza niletewe maji.

Nikanywa funda moja, nikasita. Maji yalikuwa na chumvi.

Mzee aliniona, akasema, "Usione haya, mwanangu. Kisima hiki alikichimba babu yangu, na maji yake yalikuwa matamu mwaka mzima. Siku hizi watu wameongezeka, na kila mtu ana pampu. Ikifika kiangazi maji hubadilika, nasi hununua ya madumu."

Akanieleza sababu. Maji ya mvua yaliyozama ardhini karibu na bahari hukaa juu ya maji ya chumvi, maana maji matamu ni mepesi zaidi. Watu wakiteka kwa kiasi, mvua hurudisha yaliyopungua. Wakiteka kupita kiasi, maji matamu huwa haba, na yale ya chumvi hupanda kushika mahali pake. Kisima kilichoharibika hivyo chaweza kukaa miaka mingi kabla ya kupona.

Asubuhi alinipeleka kwenye mashamba ya chumvi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana, na maji huingizwa katika majaruba mapana yasiyo na kina. Jua na upepo huyakausha, chumvi ikabaki chini, watu wakaikokota na kuifanya chungu nyeupe. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Mvua ikinyesha kazi huharibika. Kwa hiyo jua lile lile linalotukausha sisi, wenzetu wale huliombea lizidi. Nalisimama pale nikafikiri sana, kwa kuwa wao walikuwa wameandaa majaruba ya kulipokea jua, na sisi hatujaandaa kitu cha kuipokea mvua.

Nikaikumbuka nyumba ya mama yangu Msalato. Ina bati la mita za mraba 50, nami nimeliona tangu utoto likimwaga maji uani, na miezi michache baadaye mama akienda korongoni na ndoo kichwani. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, enyi wanafunzi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka. Basi bati lile hupokea lita 28,500, ijapokuwa nyingine hupotea. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Aprili, nyumba inayotumia ndoo mbili za lita 20 kila siku itakunywa siku 125, yaani mpaka mwisho wa Agosti.

Niliporudi nalinunua mifereji ya bati kabla ya kununua nguo. Mama alinitazama nikiipigilia, akauliza, "Bahari ndiyo iliyokufundisha hayo?" Nikamjibu, "La, mama, ni kisima."

Wahenga walisema, tembea uone. Nami nilikwenda kuwaonea wivu watu wa pwani, nikarudi na shida yao na akili yao pia. Ndugu zangu, Desemba si mbali. Yatazameni mapaa yenu.

Kwaherini.