Tunayoyatumaini, Tunayoyaogopa, na Yaliyo Mikononi Mwetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba mbingu na ardhi, Akazipanga siku na miaka kwa hekima Yake, na ujuzi wa yaliyofichika Akauhifadhi Kwake peke Yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe, na tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu,

Katika vijiji vyetu vya Ushetu, kuanzia Nyamilangano mpaka Bulungwa na Ulowa, watu wakishasali Alasiri huketi barazani au chini ya mwembe, na redio ikawa katikati yao. Zikisomwa habari za dunia, mazungumzo huwa yale yale. Mmoja huuliza kama ataishi aione amani katika ardhi ya Palestina. Mwingine huuliza kama vita vilivyopamba moto Ukraine mwaka 2022 vitazaa vita vikuu vya tatu. Kijana aliyerudi kutoka machimboni huuliza ni lini bei ya dhahabu itamfikisha anakotaka. Mama aliyeyaona maradhi ya Korona mwaka 2020 huuliza kama liko balaa kubwa zaidi njiani. Na hakosekani mtu wa kusema kwa sauti ya chini kwamba hizi ndizo dalili, na Kiama ki karibu.

Hatusemi kwamba ni kosa kuuliza. Binadamu ameumbwa na khofu na matumaini, na imani ya Muislamu huruka kwa mbawa mbili hizo kama ndege. Lakini tunajifunza katika mapokezi sahihi kwamba bedui mmoja alimwendea Mtume wetu (S.A.W.) akamuuliza Kiama kitakuwa lini. Mtume hakumtajia mwaka wala mwezi. Alimrudishia swali, akamuuliza ameiandalia nini siku hiyo. Basi na sisi, kila tunapouliza litakuja lini jambo fulani, tujiulize pamoja nalo: tumeliandalia nini?

Ndugu Waislamu,

Tutazame kwanza jambo moja ambalo wazee wetu walilitamani, na wengi wao wakaruzukiwa kuliona. Nalo ni kuondoka kwa ndui duniani. Wako miongoni mwetu waliowaona babu na bibi zao wakiwa na makovu ya ndui usoni, na wako waliosimuliwa juu ya nyumba zilizofungwa kwa sababu hakubaki mtu wa kuzifungua. Kwa karne nyingi watu walidhani ugonjwa huo utadumu maadamu binadamu yupo. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani liliongeza nguvu katika kampeni ya kuufuta. Wachanjaji walivuka mito na majangwa, kijiji kwa kijiji, wakiwa na sindano ndogo za ncha mbili na subira kubwa.

Mtu wa mwisho kuugua ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa karibu naye, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mwenyezi Mungu Akamponya. Na tarehe 8 Mei 1980 mataifa yalitangaziwa kwamba ndui imekwisha duniani. Mtu huyo hakukaa kujisifu kwa kupona. Baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio nchini kwake, akiwasimulia wazazi jinsi alivyoikimbia sindano na yaliyompata, na alikuwa katika kazi hiyo mpaka alipofariki dunia mwaka 2013.

Tazameni basi. Tukio kubwa la dunia lilifika kwa idhini ya Mola, na sababu Alizozijaalia zilikuwa mikono ya watu wa kawaida. Waliokaa kuulizana kama siku hiyo itafika, na walioshika sindano wakatoka, wote waliiona siku moja. Lakini ujira wao haulingani.

Ndugu Waislamu,

Tutazame sasa jambo ambalo watu wa mkoa wetu waliliogopa. Tangu miaka ya 1920, mapori makubwa ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Kisha yakafuata mashamba ya pamba, ng'ombe wengi, na kuni za kila siku. Mila ya ngitili, ambayo kwayo wazee wa Kisukuma walikuwa wakitenga sehemu ya malisho na kuihifadhi kwa ajili ya kiangazi, ikadhoofika, na watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970 maeneo mengi yaliachwa bila ya mwangalizi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Julius Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Khofu ya wakati huo ilikuwa kwamba watoto wetu wataliona jangwa kamili kwa macho yao.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mradi ulianza kwa kuotesha miche, kisha ukatambua hekima ya wazee na kuihuisha ngitili: eneo hutengwa, ng'ombe huzuiwa, na mizizi iliyolala ardhini huachiwa kuchipua yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudia uoto wake, na mwaka 2002 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jangwa lililotishiwa halikuja kwa namna lilivyoogopwa. Wako waliolizuia, na wengi wao walikuwa wachungaji na wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la Malaika.

Hata hivyo, enyi ndugu wa Ushetu, khofu hiyo haijafutika kwetu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto, na moto huo hula miombo kila msimu. Machimbo nayo hutaka matimba ya kuzuilia kuta za maduara. Leo hatukukusudia kuizungumza hukumu ya zao la tumbaku. Masheikh wameieleza, na kila mmoja ajisomee. Tunauliza tu: mti mmoja unapoingia bani, ni mti gani unaopandwa badala yake? Si ajabu mtu kuuliza kwa khofu kama mvua zitakatika katika uhai wake, na shoka lake liko begani?

Ndugu Waislamu,

Khofu na tamaa zisipoongozwa na elimu hugeuka kuwa maangamizi. Nasi Waislamu hatukusalimika na hayo. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka wa Hijria 1400, kundi la watu wenye silaha liliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka, likidai kwamba Mahdi anayengojewa yumo miongoni mwao. Kwa muda wa wiki mbili damu ilimwagika mahali ambapo hata mti haukatwi wala mnyama hawindwi, na mamia ya watu wakafa. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya majirani zetu Wakristo waliokuwa wakiambiwa kwamba dunia imefika mwisho waliteketea kwa moto. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa watu waliojinyima chakula mpaka mauti. Hatuyataji haya kwa kumcheka mtu wala kwa kuilaumu dini ya mtu. Tunayataja kwa sababu mlango ulioingiliwa ni mmoja: mtu kudai kwamba anakijua kile ambacho Mwenyezi Mungu Hakumpa mja yeyote.

Na hapa kwetu, mlango huo huo umeingiliwa na mganga wa ramli. Akina mama wakongwe wa Usukuma wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na dalili iliyotolewa ilikuwa wekundu wa macho yao. Wallahi, wekundu ule ni wa moshi! Miti ilipokwisha, bibi alipikia samadi ya ng'ombe na vijiti vibichi miaka mingi, ili mjukuu ale. Kisha mjukuu huyo huyo akaambiwa kwamba macho ya bibi ndiyo yaliyozuia mvua na kuua mtoto. Na kuanzia miaka ya 2007 na 2008 taifa zima lilihuzunika kwa kuuawa ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu mwongo mmoja aliwaahidi wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha binadamu huvuta dhahabu na samaki. Ni mali gani hiyo ambayo mtu ataifurahia duniani, na mwenye damu yake anamngojea mbele ya Mola?

Tunayasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema Zake, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu,

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Kiama kikisimama, na mmoja wenu ana mche mkononi, basi akiweza kuupanda na aupande. Zingatieni mafunzo haya. Mche huo hautampa kivuli wala tunda, wala hakuna kizazi kitakachokuja kuuchuma. Hata hivyo ameamrishwa aupande. Ikiwa khofu ya Kiama chenyewe haikumwondolea Muislamu wajibu wa jambo jema lililo mkononi mwake, je, habari za vita vya mbali na bei za dhahabu zitamwondolea?

Kwa hiyo tunausia mambo manne kabla ya mvua za msimu ujao. Kwanza, kila nyumba na ipande miti na kuilinda, na mwenye bani apande zaidi kuliko alivyochoma. Kijiji chenye ngitili kiiheshimu kama amana. Pili, mtoto asikoseshwe chanjo kwa uvumi. Kumbukeni kisa cha mpishi wa Merka. Tatu, bibi mwenye macho mekundu ajengewe jiko lenye njia ya moshi, apelekwe hospitali, na ahishimiwe. Na atakayesikia ananongʼonezwa vibaya asinyamaze. Nne, mwenye ualbino ni ndugu, na ulinzi wake ni juu ya kila mmoja wetu. Na mwenye kupiga ramli asipewe hata senti moja ya Muislamu.

Nanyi wanafunzi, someni habari za dunia na mzijue. Ombeeni amani ya Palestina, ya Sudan, ya Kongo, na ya kila mahali panapomwagika damu, kwani dua ya aliyedhulumiwa na ya anayemwombea haipotei. Huenda mkaishi mkayaona mengi tuliyoyatumaini sisi tusiyafikie. Lakini mtakaposimama mbele ya Mola wenu hamtaulizwa ni matukio gani makubwa mliyashuhudia. Mtaulizwa juu ya umri wenu mliumaliza katika nini, na mali yenu mliichuma wapi na kuitumia katika nini.

Ewe Mola wetu, tupe matumaini yasiyotulaza na khofu isiyotupoteza. Iteremshie ardhi yetu mvua ya rehema. Walinde wazee wetu, watoto wetu, na kila aliye dhaifu miongoni mwetu. Wape amani wote walio katika vita. Na siku Utakapotuita, tukute mikono yetu imo katika kheri. Amin, ya Rabbal-alamin.