Mkono Hudai Hesabu Yake

Mhadhara wa umma kuhusu michezo ya uhalisia pepe na mkono uliopooza kwa kiharusi



Miaka michache iliyopita nilikaa katika kikao cha kupitisha vifaa. Nilikuwa nimeomba kompyuta moja, kamera ya kufuatilia mwendo wa mkono na programu ya michezo kwa wagonjwa wa kiharusi. Daktari mmoja ninayemheshimu akaufunga mjadala kwa sentensi moja: suala hilo lilikwisha mwaka 2016, michezo haifanyi kazi. Ombi likafutwa, tukahamia kwenye magodoro. Sentensi ile imenikaa rohoni tangu siku hiyo, na jioni hii naijibu.

Sitawachosha na mnayoyajua: kwamba ubongo hujipanga upya, kwamba Randolph Nudo na wenzake walilionyesha hilo kwa kima mwaka 1996, kwamba miezi mitatu ya mwanzo haina mfano. Tuingie kwenye jaribio lililo nyuma ya sentensi ile.

Linaitwa EVREST. Liliongozwa na Gustavo Saposnik wa Toronto, likachapishwa mwaka huo wa 2016 katika The Lancet Neurology. Wagonjwa walikuwa 141, katika vituo 14 vya Kanada, Ajentina, Peru na Thailand, wote ndani ya miezi mitatu tangu kiharusi kiwapate. Kundi moja lilicheza michezo ya video ya Nintendo Wii. Jingine lilicheza karata, bingo, Jenga au mpira. Juu ya tiba yake ya kawaida, kila mgonjwa alipangiwa vipindi 10 vya dakika 60 katika wiki mbili. Kisha walipimwa kwa kipimo cha Wolf, kinachohesabu sekunde anazotumia mtu kufanya kazi ndogondogo za mkono. Kundi la Wii lilishuka kutoka sekunde 43.7 hadi 29.7. Kundi la karata lilishuka kutoka 38.0 hadi 27.1. Kati ya makundi hayo hapakuonekana tofauti.

Hapo ndipo mwenzangu alipoishia kusoma. Mabasi mawili yakiondoka Tanga asubuhi na kufika Moshi kwa wakati mmoja, hakuna abiria atakayesema hayakwenda popote. Jaribio liliuliza kama Wii inashinda karata. Halikuuliza kama mgonjwa anayecheza anapona kuliko asiyefanya lolote, maana kundi lisilofanya lolote halikuwepo. Nakiri kwamba hilo linanibana na mimi: sehemu ya nafuu ile ni ya maumbile, ingekuja hata kama wangekaa tu kitandani. Lakini anayesema "haifanyi kazi" hana pa kuishika hoja yake.

Tena tazameni kipimo chenyewe. Katika kazi za Wolf mgonjwa huinua penseli, huzungusha ufunguo kwenye kufuli, hukunja taulo, na hupindua karata. Hupindua karata! Kundi moja lilikuwa limecheza karata, jingine lilikuwa likipunga rimoti hewani. Rimoti yenyewe ilitengenezwa kwa watu wazima wa afya sebuleni mwao. Inataka kiganja kinachoshika, na haijali kama pointi zimetokana na bega, na kiwiko, au na mgonjwa kuutupa mwili mzima mbele. Kwamba kundi hilo halikuachwa nyuma ni jambo la kushangaza, na sijamsikia mtu akilishangaa.

Mtaniambia Wii ni kifaa kibovu, tuchukue kilichobuniwa kwa tiba. Kilichukuliwa. Katika jaribio la VIRTUES, matokeo yake 2017, wagonjwa 120 wa Norway, Denmark na Ubelgiji waligawanywa kati ya mfumo wa YouGrabber na mazoezi tiba ya kawaida, vipindi 16 vya saa moja. Makundi yakawa sawa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka huohuo, yaliyokusanya majaribio 72, yalikuta kwamba mchezo ukichukua nafasi ya mazoezi ya kawaida haukuonyesha kuyazidi, bali ukiongezwa juu yake mkono hunufaika. Ukiongezwa! Neno hilo ndilo lililonifikisha kwenye makala ninayowapa wanafunzi wangu kila mwaka.

Ni ya Catherine Lang na wenzake, 2009. Hawakubuni dawa wala mashine. Walikaa pembeni ya vyumba vya tiba vya Marekani na Kanada, wakahesabu. Vipindi 312, kila mwendo ukiandikwa. Naipenda kazi hii kwa unyenyekevu wake: mtafiti ameketi kwenye kiti, ana kalamu, na anatazama yale ambayo sisi wataalamu tunaamini tunayafanya. Walikuta kwamba katika vipindi vilivyohusu mkono, karibu nusu tu ndivyo vilivyokuwa na mazoezi ya vitendo vya maisha, kama kushika kikombe au kufungua kitasa, na kwa wastani mgonjwa alirudia mara 32. Wanyama wa maabara hurudia mamia kwa siku.

Thelathini na mbili ni idadi ya mashimo ya bao. Hilo nalijua kwa sababu ya baba yangu mkubwa, seremala, aliyepooza mkono wa kulia nikiwa mwanafunzi. Hospitali ilimruhusu akiwa na karatasi ya mazoezi na tarehe ya kurudi baada ya mwezi. Wazee wenzake wakamrudisha barazani, wakamwekea sharti: bao anacheza, lakini kwa mkono wake wa kete. Wiki za mwanzo alizikokota kwa ukingo wa kiganja. Baadaye kidole gumba kikaanza kukutana na cha shahada, kete moja moja, jasho likimtiririka, na hakuna aliyemharakisha. Mama mkubwa aliketi nyuma yake akihesabu kwa tasbihi. Asubuhi moja alizungusha tasbihi nzima mara tatu kabla ya adhuhuri. Randa hakuishika tena maishani. Ufunguo wa karakana yake aliuzungusha mwenyewe.

Najua mtakachonijibu, maana Lang huyohuyo alinijibu mwaka 2016. Aliwagawia wagonjwa 85 viwango tofauti vya marudio, kuanzia 3,200 hadi 9,600 na zaidi, na wa marudio mengi hawakuwashinda wa machache. Nimeisoma makala hiyo mara nyingi kuliko ningependa. Wagonjwa wale walikuwa wamevuka miezi sita. Kwa walio ndani ya wiki sita tuna jaribio la timu ya John Krakauer, 2021: wagonjwa 24, wengine wakiongoza pomboo kwenye kioo kwa mkono uliobebwa na mashine, wengine wakipata mazoezi ya kawaida kwa saa zilezile nyingi. Pomboo hakuwashinda wataalamu. Lakini makundi yote mawili yalipata utendaji wa mkono bora kuliko wagonjwa wa awali waliopewa kiasi cha kawaida. Ni watu wachache, na ulinganisho na wagonjwa wa zamani si ushahidi mkamilifu. Hata hivyo bado naamini kwamba katika wiki za mwanzo idadi ndiyo dawa, na mchezo, uwe wa kete au wa kioo, ni chombo cha kuinywea.

Na wanaoihitaji dawa hiyo hapa kwetu ni wengi: utafiti wa Richard Walker na wenzake, 2010, ulikadiria, kwa viwango vilivyosawazishwa kwa umri, Dar es Salaam wagonjwa wapya 315.9 wa kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilayani Hai 108.6. Mtaalamu mmoja wa mazoezi tiba hawezi kushika mikono hiyo yote mara mia tatu kila mmoja. Kamera haichoki kuhesabu, na pomboo hamchoki mgonjwa.

Ombi langu nimeliandika upya. Safari hii nimeongeza safu moja kwenye fomu: idadi ya marudio kwa kipindi. Naomba kila tulichonacho idarani kijaziwe humo, kuanzia mpira wa kuminya hadi mikono yetu wenyewe, kabla ya kujadili bei ya kompyuta.