MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Kisii na Nyamira kuhusu wizi na ughushi wa vitu vya kale.)



Tunasimama mbele yenu kuzungumza juu ya wizi usiovunja mlango wala kupigiwa mayowe. Mnunuzi hufika nyumbani kwa adabu. Hunywa chai, husifu migomba, kisha huuliza kama babu aliacha kigoda kilichopambwa kwa shanga, obokano ya nyuzi nane, au visu vya ababari, wale waganga wetu wa kupasua fuvu. Karo ya mtoto imechelewa, na mwenye nyumba hupokea noti chache. Kitu kikishafika mjini hupewa bei mpya na hadithi mpya, na jina la ukoo uliokitunza hufutwa.

Hatukuanza kunyang'anywa jana. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya Waingereza yaliingia Gusii, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe wetu. Mara ya pili ilitokea baada ya Otenyo, aliyechochewa na nabii Moraa, kumchoma mkuki mtawala Northcote. Mauaji yaliyofuata yalikuwa makubwa hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London. Otenyo aliuawa, na wazee wetu husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Jamii imekidai kichwa hicho kwa miaka mingi, lakini madai hayo yamebebwa zaidi na vinywa vya wazee kuliko na karatasi. Mwenye makumbusho huuliza: ushahidi uko wapi?

Ndugu zetu, swali hilo linauma, lakini linajibika. Wanandi walirudishiwa mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Meinertzhagen mwaka 1905. Muuaji mwenyewe alikuwa ameandika habari za mauaji hayo katika shajara yake, na fimbo zilikuwa zimebaki mikononi mwa mwanawe.

Tutazame pia pwani. Wamijikenda huchonga vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Kigango hakiuzwi, kukiondoa ni kumfukuza marehemu nyumbani kwake. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa wingi. Kijana wa kijijini alipata shilingi chache, na ng'ambo mti ule ule ukauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 1985, mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Punde baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, mtafiti huyo akakiona kimoja katika picha iliyotoka jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, Marekani. Cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudi Kenya mwaka 2007. Kilichovirudisha si hotuba kama hii yetu. Ni picha moja, yenye jina la mwenyewe, mahali na mwaka.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Makumbusho ya Denver ilipokubali kurudisha vigango 30, vilifika Nairobi mwaka 2019 vikakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya madai ya ushuru. Marehemu wetu wakatozwa kodi ya kurudi kwao! Wizi wa ng'ambo hulelewa na uzembe wa ofisi za nyumbani.

Sasa tugeukie ughushi, pacha wa wizi. Panapokuwa na wateja wa ukale, ukale hutengenezwa. Mti mbichi hufukizwa moshi, huzikwa udongoni, hupakwa majivu, kisha huitwa wa miaka 200. Wachongaji wetu wa Tabaka hawana haja ya hila hiyo. Jiwe lao la sabuni linajulikana duniani kwa uzuri wake mpya. Dalali anayelinunua kwa bei ya kutupwa na kuliuza kama kitu cha kale huwaibia watu wawili: mnunuzi aliyedanganywa, na mchongaji ambaye jina lake lilifichwa ili uongo upite.

Tufanye nini basi? Sheria ipo. Ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imezikabidhi kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni. Lakini sheria hailindi kitu isichokijua.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila ukoo ufungue daftari: kitu, picha, vipimo, jina la aliyekitengeneza na la anayekitunza. Nakala moja ibaki nyumbani. Siri za kimila zisiandikwe. Pili, mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira yatenge fedha za kazi hiyo na kutangaza hadharani zilivyotumika. Tatu, mchongaji wa Tabaka aandike jina lake na mwaka chini ya kila jiwe. Nne, wawakilishi wetu waisome sajili iliyoonyeshwa Nairobi mwaka 2021, yenye vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko katika makumbusho za ng'ambo, watafute humo vilivyo vyetu.

Ndugu wananchi, tulipodai haki ya kura tulijifunza kwamba kura isiyohesabiwa mbele ya macho yetu huibwa. Urithi nao ni vivyo hivyo. Wazee walioko hapa leo ndio daftari letu la mwisho lisiloandikwa. Tukitoka hapa, kila kijana aende na kalamu kwa nyanya yake kabla mnunuzi hajafika na chai kuandaliwa.